Ua wa Mhina, Chumbageni

Simu ilikuja saa mbili usiku: "Wewe Mhina,
mafundi wanaanza msingi Jumamosi.
Ukiutaka huo uchafu, njoo uung'oe."
Mhina aitwe kung'oa mhina:
utani huo nimeshausikia, asanteni.

Nilitoka Ngamiani alfajiri na baiskeli ya kuazima,
sururu, msumeno, magunia matano ya katani
na dumu la maji, ya mizizi, si yangu.

Watu huuliza mti mdogo huanzaje udogo.
Hauanzi. Hunyimwa.
Bi Mwanamvua alisimama kizingitini
akanieleza: marehemu Shekue aliukata ua
kila Ijumaa kabla ya kuoga,
kwa panga, kimo cha kifua, asizidishe,
kuanzia barabarani kwenda jikoni.
Nikatazama. Kweli. Barabarani ua ulikuwa kifuani,
jikoni, alikomalizia mkono umechoka,
ulikuwa chini ya kiuno.

Sikuitaka ile mirefu.
Niliitaka ya uchovu wake:
minene kama paja, mifupi kama kigoda,
iliyokatwa mara elfu ikarudi elfu na moja.

Unachimba duara, shubiri mbili kutoka shinani.
Mzizi mkuu unakwenda chini kama deni;
huo unakatwa, usiuonee huruma.
Ile ya pembeni, nyuzi nyuzi, ndiyo roho.
Iviringishe kwenye gunia lililoloa
kabla jua la saa nne halijaiona.

Kwenye shina la tatu msumeno ulipiga yowe.
Seng'enge. Mti ulikuwa umeimeza
zamani, kimyakimya, gome likajifunga juu yake.
La nne lilikuwa na gololi ya kijani
katikati ya panda, imeshikwa kama jino na ufizi.
"Hiyo ya Athumani," alisema Bi Mwanamvua,
akaingia ndani, akakaa huko muda.

"Babu, kuni hizo?" fundi mmoja aliniuliza.
Nikamwambia nakwenda kuzipanda kwenye karai.
Alicheka mpaka akaweka ndoo ya zege chini.

Visiki saba. Nikavuka reli nikisukuma.

Nyumbani: mchanga wa mto, chenga za matofali,
makumbi yaliyooza, karai lililotobolewa matundu sita.
Hakuna mbolea. Hakuna waya wa kupinda tawi,
tawi lenyewe liko wapi?
Mke wangu Mwajabu aliviita wagonjwa.
"Wagonjwa wako wameamkaje?"
Nami nikijibu, "Hawajambo," huku sijui.

Wanne walikufa.
Unakwaruza gome kwa ukucha, unatafuta kijani,
unakuta rangi ya chai.
Hata hivyo niliendelea kuwamwagilia wiki mbili,
kwa aibu, nadhani.

Siku ya arobaini na tatu, yule wa gololi
alitoa jicho, jekundu,
dogo kuliko punje ya mtama.
Sikumwambia mtu mpaka jioni.

Ukuta wa Chumbageni ulikwisha, ukapakwa manjano.
Mfungo Tatu, bajaji ikasimama mlangoni kwangu:
Bi Mwanamvua na mjukuu wake Mwantumu,
harusi Alhamisi.
Nyumba iliyowapaka hina mabiharusi wa mtaa mzima
sasa ilikuwa imenunua ya pakiti.
"Hata kidogo," alisema bibi. "Cha jina tu."

Kanuni ninaijua, huwafundisha wengine:
mwaka wa kwanza mti hauguswi.
Nikahesabu majani. Kumi na tisa.
Nikachuma kumi na moja,
moja moja, kwa kucha, kama mtu anayeiba kwake.

Mwajabu aliyatwanga kwa ndimu kwenye kinu cha kitunguu saumu.
Yalitosha ukucha mmoja,
wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.
Mwantumu aliuinua kwenye mwanga, akaupuliza.
Bibi yake alikuwa ameinama kwenye karai,
kidole chake juu ya gololi,
anaifuta vumbi.

Nimelihamishia karai kivulini.
Namwagilia asubuhi tu.